Herufi Iliyotengenezewa Mbwa

Katika miaka 39 ya kazi ya ualimu nilifuta maneno mengi ubaoni, na karibu yote nimeyasahau. Jambo moja nililolifuta sijalisahau, nalo halikuwa ubaoni. Mwaka 2007, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja mkoani Tanga, nilipiga marufuku aina ya herufi. Msomaji ana haki ya kucheka. Hata mimi ningemsikia mtu mwingine akisimulia hivyo ningecheka. Lakini siku ile sikuwa nikicheka, wala mwalimu niliyemfokea mbele ya wenzake hakucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka uliotangulia tulipata kompyuta yetu ya kwanza, iliyokwisha kutumika kwingine, pamoja na printa yake. Karani hatukuwa naye. Aliyeweza kuitumia alikuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, binti aliyetoka chuoni miaka miwili tu kabla ya hapo, na kwa hiyo kila kilichohitaji kupigwa chapa kilipitia mikononi mwake: ratiba, mitihani ya majaribio, barua za wazazi. Haukupita muda karatasi zote za shule zikapata sura moja. Herufi zake zilikuwa za mviringo, nene kidogo, zisizonyooka sana, kama zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na mtoto mwenye bidii. Walimu walizipenda. Mimi sikuzijali.

Kisha akafariki mtoto wetu mmoja wa Darasa la Nne, kwa malaria. Niliandika tangazo kwa mkono, nikampa mwalimu yule alipige, nikalipitia kutafuta makosa ya tahajia, sikuyaona, nikatia sahihi na muhuri. Nakala zikapelekwa kwa wazazi, na moja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilipofika msibani, mzee mmoja jirani wa wafiwa alinivuta kando, akatoa karatasi ile mfukoni mwa kanzu yake, akaikunjua. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, hii ni ya msiba au ya mahafali?"

Niliitazama ile karatasi kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. Maneno yalikuwa yangu, ya huzuni, na yamekaa mahali pake. Lakini herufi zilikuwa zikicheza. Jina la marehemu lilikuwa juu, kubwa na nene, likifanana na jina la mtoto lililoandikwa juu ya keki ya sikukuu yake. Sikuwa na jibu la kumpa mzee yule. Nilimwomba radhi, nikaikunja karatasi, nikaketi mkekani pamoja na wengine.

Jumatatu niliitisha kikao cha walimu. Nilisema maneno makali juu ya utoto na utu uzima ambayo sitayarudia hapa, kisha nikatoa amri kwamba herufi ile isionekane tena katika karatasi yoyote ya shule. Aliyelipitia tangazo lile ni mimi, na sahihi iliyokuwa chini yake ni yangu, lakini lawama nilimtwika yeye. Alijibu, "Nimekuelewa, Mwalimu Mkuu," akainamisha macho. Na kwa kuwa amri ni amri, alikwenda darasani kwake akabandua kadi zote za kusomea alizokuwa amezitengeneza kwa herufi hizo hizo, akazitia katika boksi, akaanza kuzipiga upya kwa herufi ambayo mimi niliita ya heshima.

Herufi ile niliyoifukuza inaitwa Comic Sans. Nilistaafu mwaka 2011, na katika uzee huu nimepata nafasi ya kuuliza ni kitu gani hasa nilichokipiga marufuku. Nilichokikuta ni historia ambayo kila mwalimu angefaa kuijua, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tuanze mbali kidogo. Johannes Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake mjini Mainz, Ujerumani, yapata mwaka 1455, herufi zake za risasi zilifuata mwandiko wa mkono wa waandishi wa nakala wa nchi ile. Hakuwa na mfano mwingine wa kufuata. Msomaji aliyezoea kitabu kilichoandikwa kwa mkono alitakiwa akione kitabu cha mtambo kuwa ni kitabu vilevile. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia tatu baada yake, kazi kubwa ya herufi za chapa ilikuwa ni kitabu: safu baada ya safu za maneno madogo, yanayosomwa na mtu aliyekaa.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 19. Viwanda vya Uingereza, kisha vya Marekani, vilianza kutoa bidhaa nyingi kuliko zile ambazo watu wa mtaani wangeweza kuzinunua kwa kuambiana tu. Ikabidi bidhaa zitangazwe. Mabango yakajaa kwenye kuta: sabuni, dawa, sarakasi, safari za meli. Herufi ya kitabu, hata ikikuzwa, haikuweza kumsimamisha mpita njia. Basi wachonga herufi wakatengeneza herufi zenye matumbo makubwa, zenye vivuli, zenye maua ndani yake. Herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito na ghali, ndipo mwaka 1827 mchapaji Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuzichonga kwa mti. Tangu hapo herufi za mapambo zikawa rahisi kupatikana.

Hapo ndipo wachapaji walipozigawa herufi katika makundi mawili. Liko kundi la herufi za kusomwa, ambazo kazi yake ni kumpitisha msomaji hadi kwenye maana bila yeye kuziangalia. Na liko kundi la herufi za kutazamwa, zinazokaa kwenye kichwa cha habari, bango, ganda la kitabu au karatasi ya pipi. Hizi za pili hupewa maneno machache, nazo huyasema kwa sauti kubwa. Ukipiga kitabu kizima kwa herufi za namna hiyo, msomaji atachoka kabla hajamaliza ukurasa wa pili, kama mtu anayehutubiwa kwa kipaza sauti chumbani.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kuja kufundishwa jambo hili na wageni. Itazameni kanga. Jina la kanga, ambalo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, huandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu halikusudiwi kusomwa na mtu aliyekaa na taa yake. Linasomwa na jirani aliyesimama ng'ambo ya ua. Na mama zetu hawakuwa na kanga moja ya kila mahali. Ya kwenda nayo ngomani haikuwa ya kwenda nayo msibani, hata kama zote mbili zilikuwa mpya na za bei moja. Hakuna aliyeilaumu kanga ya ngomani kwa kuwa kanga ya ngomani. Aliyelaumiwa ni aliyeivaa pasipo mahali pake.

Sasa nirudi kwenye ile herufi "ya heshima" niliyoamuru itumike. Inaitwa Times New Roman, na heshima yake ina asili ya kawaida kabisa. Gazeti la The Times la London lilitaka herufi mpya, na kazi hiyo ikasimamiwa na Stanley Morison huku michoro ikichorwa na Victor Lardent. Gazeti lilianza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Herufi hiyo ilibanwa kwa upana ili maneno mengi yaingie katika safu nyembamba ya gazeti, na bado yasomeke. Ni kazi nzuri iliyofanywa na mafundi. Lakini katika shauri lile lote la London, hakuna aliyekuwa akimfikiria mtoto wa miaka saba anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza.

Comic Sans nayo ilizaliwa kwa ajili ya kazi maalumu. Mwaka 1994 kampuni ya Microsoft huko Marekani ilikuwa ikitengeneza programu iliyoitwa Bob, iliyokusudiwa watu wanaoogopa kompyuta. Badala ya orodha za amri, mtu alionyeshwa picha ya nyumba yenye vyumba na vitu vyake, na kwenye nyumba hiyo alikuwamo mbwa wa katuni jina lake Rover, aliyemwelekeza mgeni la kufanya. Maneno ya mbwa yalitokea ndani ya puto, kama katika hadithi za picha. Mbunifu wa herufi wa kampuni hiyo, Vincent Connare, alipoonyeshwa programu kabla haijatoka, aliona kitu kilichomkera: mbwa yule alikuwa akizungumza kwa Times New Roman. Mbwa wa katuni, mcheshi, anamkaribisha mtoto nyumbani, lakini maneno yake yana sura ya tahariri ya gazeti la London.

Connare alikuwa na vitabu vya hadithi za picha ofisini, vikiwamo The Dark Knight Returns na Watchmen. Maneno ya vitabu vya aina hiyo yaliandikwa kwa mkono na mafundi maalumu. Wasomaji wa rika langu wanaijua kazi ya namna hiyo kutokana na gazeti letu la Sani, ambalo tulikuwa tukiwanyang'anya wanafunzi darasani, kisha tukalisoma wenyewe ofisini. Kwa kutazama vitabu vile, Connare alichora herufi zake moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kutumia kipanya. Mistari yake ina unene unaokaribia kuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, ncha zake ni za mviringo, na herufi zenyewe hazisimami wima kama askari gwarideni. Jina alilipata hapo hapo: "Comic" kwa sababu ya vitabu vya katuni, na "Sans", neno la Kifaransa lenye maana ya "bila", kwa sababu herufi hizo kwa kawaida hazina vile vijikia vidogo vinavyomalizia ncha za herufi za magazeti.

La kushangaza ni kwamba mbwa yule hakuzipata. Maputo ya Bob yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa herufi za zamani, na hizi mpya, kwa kuwa ni pana zaidi, hazikuenea. Programu ilitoka Machi 1995 bila ya herufi hiyo, haikupendwa, na mwaka uliofuata ikaachwa. Lakini herufi ilikwisha kuzaliwa. Ilitumika katika programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo ya kuwawezesha watoto kutengeneza filamu za katuni, kisha ikatiwa katika kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, na mwaka 1996 ikawa miongoni mwa herufi chache ambazo kampuni ilizitoa bure kwa matumizi ya kurasa za intaneti. Baadaye ikawa inakuja pamoja na mfumo wenyewe wa kompyuta. Hivyo ndivyo ilivyoweza kufika hata katika kompyuta iliyochoka ya shule ya kijijini mkoani Tanga.

Tafakari hali ya mtu wa kawaida wakati ule. Tangu zamani mtu aliyetaka kupigiwa chapa kadi ya harusi au tangazo alimwendea mchapaji, na mchapaji ndiye aliyejua herufi ipi inafaa wapi. Katika shule zetu tulikuwa na mashine ya taipu yenye herufi za aina moja tu, stensili, na mashine ya kurudufu iliyotuchafua mikono. Hatukuwa na la kuchagua, na kwa hiyo hatukuwa na la kukosea. Ghafla kila mwenye kompyuta akapewa orodha ya herufi, bila ya kupewa ujuzi wa mchapaji. Katika orodha ile, nyingi zilifanana na barua za serikali. Moja ilikuwa inatabasamu. Ni nani angemlaumu mwalimu kijana kwa kuichagua iliyotabasamu?

Walitokea wa kulaumu. Huko Indianapolis, Marekani, wabunifu wawili, Dave na Holly Combs, walianzisha kampeni ya kutaka herufi hiyo ipigwe marufuku, baada ya kulazimishwa na mwajiri waitumie katika kazi ya maonyesho ya watoto ya makumbusho. Kampeni yao ilikuwa na mzaha ndani yake, lakini iliungwa mkono na watu wengi. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia vibaya kidogo, maana niligundua kwamba mimi nami, bila kujua, nilikuwa mwanachama wa tawi la Tanga.

Visa vya herufi hiyo kutumika pasipotarajiwa ni vingi. Julai 2010 Dan Gilbert, mwenye timu ya mpira wa kikapu ya Cleveland, aliandika barua ya hasira baada ya mchezaji LeBron James kutangaza kuhama. Maneno yalikuwa ya moto, lakini barua ilitolewa kwa Comic Sans, na watu wakawa wanazungumzia herufi badala ya hasira. Tarehe 4 Julai 2012, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, mwanasayansi Fabiola Gianotti alieleza mbele ya ulimwengu matokeo yaliyoonyesha kuwa chembe iliyotafutwa kwa miaka karibu 50, iitwayo Higgs, ilikuwa imeonekana. Maelezo yake ubaoni yalikuwa kwa Comic Sans, na wako waliocheka. Mwaka 2013 Vatikani nayo iliitumia katika albamu ya picha za kumuaga Papa Benedikto wa 16.

Nikivitazama visa hivi naona havifanani. Hasira ya tajiri yule iliharibiwa na herufi, kwa sababu huwezi kumfokea mtu huku sauti yako ni ya mbwa wa katuni. Lakini ugunduzi wa CERN haukupungua hata chembe. Waliokuwa ukumbini walikuja kwa ajili ya namba na michoro, na namba zilikuwa sahihi. Herufi iliweza kuwachekesha watu siku moja. Chembe ile imebaki.

Sasa nifike mahali ambapo historia hii inanigusa mwenyewe, nako ni Darasa la Kwanza.

Mtoto wetu anapoanza kuandika, tunamfundisha herufi a kwa duara na kijiti. Hiyo ndiyo a ya mkono. Herufi a ya magazeti, ambayo Times New Roman inayo, ni kitu kingine: ina tumbo chini na kofia iliyopinda juu. Mtu mzima haioni tofauti hiyo kwa sababu alikwisha kuzizoea zote mbili. Mtoto anayeijua a moja tu anakutana na mgeni. Na katika Kiswahili mgeni huyo hakwepeki. Maneno ya kwanza tunayowapa ni baba, mama, dada, kaka. Hayana irabu nyingine isipokuwa hiyo. Mtoto asiyeitambua a hana neno hata moja la kusoma katika jamaa yake yote.

Liko na la pili. Tofauti ya baba na dada machoni mwa mtoto ni upande ambao kijiti kimesimama. Kila mwalimu wa madarasa ya chini ameusikia mkanganyiko huo maelfu ya mara. Katika herufi nyingi zilizonyooshwa kwa rula, b na d ni kama kitu na kivuli chake katika kioo. Katika Comic Sans, kwa kuwa iliigiza mkono, hazigeuzwi sawasawa namna hiyo, na a yake ni ile ile ya duara na kijiti. Chama cha Uingereza kinachowasaidia watu wenye tatizo la kusoma liitwalo disleksia kinaitaja Comic Sans miongoni mwa herufi kinazopendekeza, pamoja na nyingine zisizo na vijikia kama Arial, kwa sababu haziwi na msongamano. Sisemi kwamba herufi inatibu, wala kwamba mtoto hawezi kujifunza kwa herufi nyingine. Mamilioni wamejifunza, na mimi ni mmoja wao. Nasema kwamba katika miezi ya mwanzo, kila kizuizi kinachoondolewa ni msaada, na herufi ile niliyoiita ya kitoto ilikuwa imeondoa viwili.

Mwalimu yule alilijua hilo. Sidhani alikuwa amelisoma popote. Alikuwa na zaidi ya watoto mia katika chumba kimoja, maana baada ya ada kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, madarasa yetu yalifurika. Alijaribu hiki na kile, akaona ni kadi zipi watoto wanazisoma na zipi wanazikodolea macho. Kwa tangazo la msiba alikosea, na mzee yule alikuwa na haki. Kwa kadi za Darasa la Kwanza alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea. Nilikusanya vitu viwili visivyohusiana nikavihukumu kwa shtaka moja.

Gharama yake niliiona mwaka 2011 nilipokuwa nakabidhi ofisi. Katika kabati palikuwa na madaftari ya maendeleo ya wanafunzi ya miaka iliyopita. Nikalifungua lile la Darasa la Kwanza la 2007. Mwalimu alikuwa akiandika kila mtoto amefika kadi ya ngapi. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa amefika kadi ya 20 kabla ya amri yangu. Wiki mbili baada ya kadi kubadilishwa amerudishwa kadi ya sita, na pembeni, kwa ule mwandiko wake mdogo, mwalimu ameandika: "haitambui a". Chini yake walikuwapo wengine walioandikiwa hivyo hivyo. Nyuma ya daftari hapakuwa na lalamiko lolote dhidi ya mwalimu mkuu. Alikuwa ameandika kazi yake tu, siku baada ya siku, akiwapandisha tena watoto kadi kwa kadi. Mtoto yule alifika tena kadi ya 20 muhula uliofuata. Mwalimu mwenyewe alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine mwaka 2009, na siku aliyoaga nilimshukuru kwa utumishi wake kwa maneno ya kawaida ambayo hutumiwa siku kama hizo.

Nikiwapitia vijana wa maduka ya steshenari hivi leo, wanaotengeneza kadi za michango, ratiba za mazishi na mialiko ya mahafali, nawaona wana orodha ya mamia ya herufi mbele yao, na mteja amesimama ana haraka. Nikipewa nafasi huwaambia maneno machache. Kabla hujachagua, uliza nani anasema, anamwambia nani, na juu ya jambo gani. Herufi ya mapambo ipe maneno machache, kisha maelezo yaweke kwa herufi tulivu. Ukimaliza, ibandike karatasi ukutani, urudi nyuma hatua tano, uitazame bila kuisoma. Kama sura yake inasema sherehe na maneno yanasema kifo, anza upya. Na kama ni karatasi ya mtoto anayejifunza kusoma, mtafute mtoto kwanza, uone anakwama wapi, kabla hujaja kuuliza watu wazima wanapenda ipi.

Mwaka jana nilipata namba ya simu ya mwalimu yule kwa mtu tuliyefanya naye kazi. Nilikaa nayo siku tatu. Nilipopiga alinitambua kwa sauti. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nilipomwitikia marahaba nilimweleza moja kwa moja kwamba nimepiga kumwomba radhi, kwanza kwa kumfokea mbele ya wenzake kwa karatasi iliyokuwa na sahihi yangu, na pili kwa zile kadi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko kifupi.

"Tangazo nilikosea kweli, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa naijua herufi moja nzuri, nikaona inafaa kwa kila kitu. Siku ile nilipoliona limebandikwa, mwenyewe nililia." Kisha akaongeza, bila hasira, kama mtu anayesahihisha daftari: "Lakini kadi zilikuwa sawa."

Nikamwambia, ndiyo, zilikuwa sawa.

Siku hizi yeye naye ni mwalimu mkuu. Nilimuuliza lile boksi lilikwenda wapi, kwani katika makabidhiano yangu sikuliona. Akaniambia alihama nalo. Kadi alizibandika katika darasa la shule aliyopelekwa, zilipochakaa akazipiga nyingine, na zile za kwanza, zile nilizoamuru zibanduliwe, anazo nyumbani kwake. Mjukuu wangu anaanza Darasa la Kwanza mwakani. Nimemwomba aniazime.